Ukimwita hakimu "Baba Paroko"

Siku ya kwanza mama mmoja wa Kibosho aliposimama kizimbani kwenye shauri la mirathi ya marehemu mumewe, alimwita hakimu "Baba Paroko". Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Hakimu, ambaye ni mwanamke, hakucheka. Lakini mama alikwisha kunywea. Maswali mawili aliyajibu kwa kutikisa kichwa, akashuka bila kusema kwamba kikao cha ukoo kilikaa yeye hakuitwa. Alipofika kwetu, kwenye msaada wa kisheria hapa Moshi, hakuuliza habari ya sheria. Aliuliza: "Mwanangu, yule anaitwaje?"

Anaitwa Mheshimiwa. Neno hilo linatosha kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama ya Rufani, awe mwanamume au mwanamke. Ukipenda, ongeza cheo: Mheshimiwa Hakimu, au Mheshimiwa Jaji ukifika Mahakama Kuu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo usihangaike na Kiingereza ulichosikia kwenye filamu.

Namwelewa sana yule mama. Mtu akiogopa, ulimi hukimbilia heshima aliyolelewa nayo. Mlimani kwetu mtoto anajua mapema kwamba padre ni Baba, askofu wa Kikatoliki ni Mhashamu, na kardinali, kama Protase Rugambwa aliyepewa daraja hilo 2023, ni Mwadhama. Walutheri, ambao Dayosisi yao ya Kaskazini ina makao yake hapa Moshi, wana Mchungaji na Baba Askofu. Waislamu wana Shehe, na Mufti hutanguliziwa Samahatu. Nyumbani nako tunafuata umri. Mahakamani tunafuata kiti. Bibi wa miaka 70 akisimama mbele ya hakimu wa miaka 30, ni bibi anayesema Mheshimiwa, wala hapo hakuna shikamoo wala Tumsifu Yesu Kristo. Hata askofu akiitwa kutoa ushahidi wa ndoa aliyofungisha, atasimama pale pale anaposimama muuza ndizi na kutamka neno lile lile.

Karani akiita "Korti!", simama. Ukiingia au kutoka hakimu akiwa amekaa, inamisha kichwa kidogo. Barua iandikie cheo, siyo jina la mtu: Hakimu Mfawidhi, kisha jina la mahakama.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, na mimi naliona kubwa kuliko cheo chochote, ni upande wa kuelekea. Wakili, au yule mnayeshindana naye, ndiye anayekuuliza, lakini jibu linakwenda kwa hakimu. Usigeuke kubishana na muulizaji. Na hakimu anaandika unayosema, mara nyingi kwa mkono. Ukimwaga maelezo kama uko sokoni Mbuyuni, nusu yake haitaingia kwenye kumbukumbu, na ukikata rufaa kumbukumbu hiyo ndiyo itakayosomwa. Itazame kalamu. Ikienda, ngoja. Ikisimama, endelea.

Na ukikosea jina? Rekebisha, uendelee na ushahidi wako. Kudharau mahakama ni matusi, fujo, kukaidi amri. Ulimi kuteleza kwa hofu haumo. Ninasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona wajane wakinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na shamba likaondoka.

Mama wa Kibosho tulifanya naye mazoezi ofisini asubuhi nzima, mimi nikiwa nyuma ya meza na kalamu mkononi. Tarehe iliyofuata niliketi benchi la nyuma. Alipanda, akaapa kwa Biblia, akaulizwa na shemeji yake kama anaujua muhtasari wa kikao. Akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, huo muhtasari ninausikia hapa." Akangoja kalamu isimame. "Kikao sikuitwa."

Kalamu ikaandika.