Orodha ya Punje Si Orodha ya Chakula

Safari hii imekuja kwa sauti ya dakika mbili kwenye kundi la familia. Mjomba: "Wenzako wamechimba Pemba wakakuta uwele na mpunga. Ndizi hakuna. Basi wazee wetu ndizi hawakuijua." Kisha kicheko.

Shikamoo mjomba. Sivyo.

Mahindi na muhogo niyaweke kando kabisa: hayo ni ya Amerika, yamefika kwetu baada ya 1492, hayana ubishi. Ndizi ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kazi yangu, kutafuta mabaki ya mimea iliyoliwa zamani kwenye udongo unaochimbwa, iko hivi. Udongo wa jaa la kale tunaumwaga kwenye pipa la maji na kuukoroga. Mkaa unaelea, tunaukinga kwa chekeche lenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai. Kisha tunauanika kivulini, maana juani unapasuka. (Niliwahi kuuanika juani nikiwa mwanafunzi, nikawahi kula. Niliporudi nilikuta vumbi.) Halafu ni hadubini, punje moja moja, hadi shingo ikaze.

Sasa, punje ambayo haikuungua katika udongo wetu wa pwani huoza. Iliyoungua sana ni majivu. Ninayoipata mimi ni ile ya katikati: iliyoungua bila kuteketea. Kwa hiyo meza yangu haina chakula cha watu wa kale, ina ajali za jikoni kwao.

Ingia jikoni basi. Uwele unatwangwa, unapetwa, punje zinaruka hadi kwenye mafiga, makapi yanatupwa motoni. Kila hatua ni nafasi ya ajali. Ndizi je? Hizi tunazokula hazina mbegu. Maganda anapewa mbuzi, na mbuzi haachi ushahidi. Kiazi kikuu kikiungua kinakuwa bonge la mkaa lisilo na sura. Mboga za majani ndiyo usiseme. Mtu angeweza kula ndizi asubuhi na jioni maisha yake yote, mimi nikachekecha jaa lake lote nikaandika: "uwele, punje tatu."

Na si kwamba nakisia tu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331 akaandika kuwa chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki. Mogadishu walimwandalia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Karne nne kabla yake, mwandishi Mwarabu al-Masudi anataja chakula cha watu wa Zanj, yaani wa pwani hii ya Afrika Mashariki: mtama, pamoja na mzizi fulani unaochimbwa ardhini. Huo mzizi hata uutafute vipi kwenye chekeche langu, huupati!

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji moto: fitolithi, vijiwe vya silika ambavyo mmea huviunda ndani ya majani yake, na vya mgomba vina umbo la mlima wenye shimo kileleni. Tatizo ni kwamba chembe ndogo hivyo husafiri na maji, mizizi na mchwa. Munsa, Uganda, zilitangazwa fitolithi za ndizi za zaidi ya miaka 5,000, na ubishi haujaisha hadi leo. Mimi niko upande wa wenye shaka, ingawa moyoni natamani iwe kweli.

"Sasa mnachimba nini?" ndilo swali la mjomba linalofuata, namjua. Tunalinganisha. Mwanaakiolojia Sarah Walshaw alichunguza sehemu mbili za kaskazini mwa Pemba: Tumbe, ya karne ya 7 hadi ya 10, uwele ndio uliotawala, Chwaka, iliyofuata, ukawa mpunga. Utafiti mwingine wa 2016 ulikusanya mbegu kutoka maeneo 18: huku bara na visiwa vya karibu ni mtama, uwele, kunde, Komoro na Madagaska ni mpunga na choroko, mazao ya Asia. Kasoro ya ajali za moto iko kila mahali, kwa hiyo tofauti ikiwa kubwa hivyo, inasema kitu.

Karibu kila mahali, nisahihishe. Uwele na mpunga havipiti jiko kwa njia moja. Nyumba iliyopokea mchele uliokwisha kutwangwa kwingine haitoi kumvi, na wali wa sufuriani hauruki motoni kama uwele wa kukaanga. Nani anajua nimezidisha kipi na kupunguza kipi? Na punje zenyewe: nusu zinakuja zimevunjika, na mbele ya kipande kisicho na kiini cha mbegu mimi na mwenzangu tumewahi kuandika majina mawili tofauti, kila mmoja kwa herufi za kujiamini.

Mjomba nimemtumia haya yote. Amejibu: "Sawa, ila ndizi hujaionyesha."

Hajakosea. Kwenye droo yangu kuna bahasha yenye kibonge cheusi kama ncha ya kidole. Imeandikwa "labda kiazi kikuu", na chini yake, kwa kalamu nyingine, "labda".