Mashine ya Barafu, Tajiri na Msimu wa Kusi

Nafundisha ujasiriamali kwa wanafunzi wa uhandisi na sayansi hapa Malindi, na karibu kila kikundi kipya huanza na kosa lile lile: hujumlisha gharama za vifaa, huongeza faida kidogo, kisha jumla hiyo huitwa bei. Kompresa, mabomba ya shaba, paneli za jua na ujira wa fundi wa kuchomelea huwamo vyote, lakini ukiuliza nani atalipa, unaambiwa tu, "wavuvi".

Ndiyo maana napenda kutumia mfano wa mashine ya barafu, ambayo fizikia yake ni nyepesi kuliko biashara yake. Kugandisha kilo moja ya maji yenye joto la nyuzi 30 ni kuondoa takriban kilojuli 460, ambazo 334 kati yake ni za kuganda kwenyewe, na mwanafunzi wangu hulipata jibu hilo kabla sijafuta ubao. Baada ya hapo namtuma bandarini alfajiri, bila mchoro na bila maneno ya kuuza, akasikilize.

Anayorudi nayo huivuruga bei yake yote. Mvuvi anatumia barafu, lakini mara nyingi hainunui. Huipata kwa tajiri, yule mnunuzi wa samaki aliyemkopesha nyavu au injini, ambaye hukata chake samaki wanapopimwa. Mama karanga, anayenunua samaki wadogo na kuwakaanga siku hiyo hiyo, hana haja kubwa ya barafu. Mlipaji basi ni tajiri, na anayekwenda kumuuzia mvuvi barafu ya bei nafuu ajue kwamba anaingilia deni la watu wawili, jambo ambalo hakuna mchoro unaoweza kulionyesha.

Huko Marekani, programu ya I-Corps, iliyoanzishwa mwaka 2011 na wakfu wa taifa wa sayansi, huwataka watafiti wazungumze na watu wapatao 100 kabla ya kuamua kama uvumbuzi wao una soko. Mimi hutosheka na 15, maana bandari yetu ni ndogo na watu huchoka kuhojiwa.

Kisha huja hesabu ya miezi, ambayo sasa naisahihisha kabla ya kutazama mchoro. Tuseme mkopo wa mashine ni shilingi 600,000 wa kulipwa kwa miezi 24: hata kabla ya riba, ni 25,000 kila mwezi. Wakati wa kaskazi fedha hizo hupatikana. Kusi inapochafua bahari, vyombo vidogo hubaki ufukweni na barafu hukosa mnunuzi, huku mawingu ya masika yakiwa yamekwisha kupunguza umeme wa paneli. Miezi minne tu ya namna hiyo inadai akiba ya shilingi 100,000, ambayo sijaiona katika bajeti ya kwanza ya kikundi chochote. (Wengi huniuliza kwanza habari za hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, ambayo kwa sheria ya Kenya hudumu miaka 20; nawaambia wasubiri.)

Kikundi kimoja kilipunguza ukubwa wa mashine kwa nusu, kikamlenga tajiri badala ya mvuvi, na kikapanga marejesho yote yaangukie Novemba hadi Machi. Mkopeshaji wa kuikubali ratiba hiyo bado wanamtafuta.