Neno la Kiingereza linakatwa wapi, na kwa nini maana ndiyo inayoamua

Chukua neno "present". Limefika mwishoni mwa mstari, nafasi haitoshi, na unataka kuliweka kistari ili kipande kimoja kishuke chini. Utalikatia wapi?

Inategemea unamaanisha nini. Likiwa nomino, yaani zawadi au wakati uliopo, mkazo uko mwanzoni na kamusi za Marekani hulikata "pres-ent". Likiwa kitenzi, yaani kukabidhi au kuwasilisha jambo mbele ya watu, mkazo unahamia nyuma na mkato unakuwa "pre-sent". Herufi ni zilezile saba. Ndiyo maana kamusi nzuri hurudia kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, mara mbili, kila kimoja na vitone vyake, aina yake ya neno na fasili yake. Vitone hivyo si sehemu ya tahajia. Vinaonyesha tu mahali ambapo kistari kinaruhusiwa.

Sisi tuliozoea Kiswahili tunateleza hapa kwa urahisi. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu: ki-ta-bu, ma-ne-no. Ukisikia, umeshajua pa kukata. Kiingereza hakina huruma hiyo. "Strengths" lina herufi tisa na silabi moja tu, kwa hiyo halikatwi popote. "About" lina silabi mbili, lakini wachapaji hawaachi herufi moja ikining'inia peke yake, basi nalo linabaki zima.

Hata wenye lugha hawakubaliani. Wamarekani hufuata zaidi matamshi na kuandika "knowl-edge", ilhali desturi ya Uingereza iliegemea zaidi vijenzi vya neno, "know-ledge". Ushauri wangu ni kuchagua kamusi moja na kubaki nayo hadi ukurasa wa mwisho.

Kompyuta nazo zilihangaika. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Franklin Liang, mwanafunzi wa mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, aliwasilisha tasnifu kuhusu njia ya kukata maneno kwa kutumia vipande vya herufi badala ya kubeba kamusi nzima. TeX, programu ya kupanga maandishi kwa ajili ya kuchapa, ilipata ruwaza 4,447 za Kiingereza, yaani vipande hivyo vya herufi, pamoja na orodha fupi ya maneno 14 ya kipekee. Ndani ya orodha hiyo yumo rafiki yetu "present", pamoja na "project", na maelekezo yao ni mamoja: yasikatwe kabisa. Mashine haijui kama unazungumzia zawadi au kuwasilisha, kwa hiyo inaliacha neno zima. Naona huo ni uamuzi wa heshima sana kwa msomaji.

Usichanganye kistari hiki na kile kilicho sehemu ya neno lenyewe. "Resign" ni kujiuzulu. "Re-sign" ni kusaini tena. Sasa fikiria barua inayosema mtu "will re-", mstari ukaishia hapo, na chini yake "sign" likaanza mstari mpya. Anaondoka au anaongeza mkataba? Kistari cha mkato na kistari cha tahajia vinafanana kabisa, na msomaji hana namna ya kuvitofautisha. Hapo hakuna kanuni itakayokuokoa. Panga upya sentensi mpaka neno likae zima kwenye mstari mmoja.