Uanaharakati wa jamii: mwanafunzi wa miaka 12 aueleweje?

Harakati na haraka ni ndugu. Maneno haya mawili yanatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya mwendo. Ila harakati za Wamarekani weusi hazikuwa na haraka. Zilikwenda kwa miaka, mtaa kwa mtaa, na hapo ndipo penye maana ya dhana yenyewe. Uanaharakati wa jamii ni kazi ya watu wa mahali pamoja, wanaojuana, wanaojipanga wenyewe kuiondoa dhuluma inayowagusa wote.

Maana hiyo ni rahisi kuiandika ubaoni. Kumwingia mtoto wa miaka 11 hadi 14 ni kazi nyingine, kwa sababu hadithi aliyozoea kuisikia ni fupi mno: Rosa Parks alichoka, akakataa kumpisha mzungu kwenye basi, Martin Luther King akahutubia, sheria ikabadilika. Mtoto akibaki na hadithi hiyo tu, atajifunza kungoja shujaa.

Ningeanza kwa kumwuliza swali la kawaida kabisa. Mjini Montgomery, Alabama, watu weusi walisusia mabasi ya mji, kupinga ubaguzi wa rangi ndani yake, kwa siku 381, kuanzia tarehe 5 Desemba 1955. Wapishi, wafua nguo, vibarua, wote hao walifikaje kazini?

Mwache afikirie. Wengine walitembea, mvua ikanyesha, jua likawaka. Madereva weusi wa teksi walitoza senti 10, sawa na nauli ya basi, mpaka mamlaka za mji zikawabana watoze si chini ya senti 45. Ndipo watu wenye magari wakayatoa, vikapangwa vituo vya kuchukulia abiria, na makanisa yakanunua magari makubwa ya kubebea watu. Kampuni za bima zilipoyafutia magari hayo bima, ikatafutwa nyingine hadi Lloyd's ya London. Yote haya yalihitaji orodha, zamu, mafuta na mweka hazina. Yeyote aliyewahi kuketi kwenye kamati ya harusi au msiba anajua michango haijikusanyi yenyewe.

Fedha nazo zilitoka wapi? Hapa nakaa kidogo, kwa sababu sehemu hii naipenda kuliko zote. Georgia Gilmore alikuwa mpishi. Aliwakusanya wanawake wenzake, wakawa wanapika kuku, samaki na keki, wanauza, na mapato wanayapeleka kwenye mikutano ya mgomo. Kikundi chao kilijiita Klabu ya Kusikojulikana, ili mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu liwe tayari: kusikojulikana. Wengi wao walikuwa watumishi kwenye nyumba za wazungu, na kujulikana kungewagharimu kazi. Gilmore mwenyewe alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani mwaka 1956. Mwanafunzi anayemwona mama yake au bibi yake akipika kwa ajili ya watu wengi ataielewa hadithi hii bila kamusi.

Na Rosa Parks je? Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini hapo, na miezi michache kabla ya kukamatwa alihudhuria mafunzo ya kupinga ubaguzi huko Tennessee. Usiku wa siku aliyokamatwa, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson alikesha kwenye mashine ya kudurufu, akachapa makumi ya maelfu ya vipeperushi. Chama cha wanawake alichokiongoza kilikuwa kimeshafikiria kususia mabasi muda mrefu kabla ya hapo. Tena miezi tisa kabla ya Parks, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kosa hilohilo. Akawa mmoja wa wanawake wanne walioshitaki, na kesi yao ndiyo iliyobatilisha ubaguzi ndani ya mabasi ya Montgomery. Umri wake usipitwe kimya darasani.

Kwa hiyo mwanafunzi atenganishe mambo mawili. Kuhamasisha ni kuwaita watu wajae uwanjani siku moja. Kuandaa ni kukaa nao, kuwasikiliza, mpaka waweze kuongoza shughuli zao bila wewe. Ella Baker, aliyewasaidia wanafunzi kuunda SNCC, kamati yao ya kupinga ubaguzi bila vurugu, mwaka 1960, alishikilia hilo maisha yake yote. Vijana wale walipokwenda jimbo la Mississippi kuwaandikisha watu weusi waliokuwa wakizuiwa kupiga kura, walilala kwenye nyumba za wakulima waliohatarisha uhai wao kwa kuwakaribisha. Mwaka 1964 zikafunguliwa huko Shule za Uhuru zaidi ya 40, ndani ya makanisa, kwenye vibaraza, hata chini ya miti, na watoto walihimizwa waulize kwa nini maisha yao yako hivyo.

Mmoja wa waandaaji wa Mississippi alikuwa Bob Moses. Kwetu jina lake halisikiki sana, nami nasikitika, maana kati ya mwaka 1969 na 1976 aliishi Tanzania na kufundisha hisabati Same, mkoani Kilimanjaro. Aliporudi Marekani alianzisha, mwaka 1982, mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa umri huuhuu tunaouzungumzia. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto maskini asiyejua aljebra anafungiwa mlango kama baba yake alivyofungiwa sanduku la kura. Baadaye vijana waliopitia mradi huo wakaanza kuwafundisha wadogo zao wenyewe.