Uvimbe wa taya hauumi? Ndiyo sababu uje leo

Wengi wanaofika kwetu Moshi na taya lililovimba huanza hivi: "Ulikuwa mdogo kama harage, hauumi, nikauacha." Kwa sasa umefika ukubwa wa chungwa na uso umefunikwa kwa mtandio.

Uvimbe huu ni nini?

Ni nyama inayoota ndani ya mfupa wa taya. Tunaoukuta sana kwa watu wazima huitwa ameloblastoma. Huanzia kwenye chembe zinazotengeneza meno, mara nyingi taya la chini, nyuma kwenye magego. Kwa kawaida si saratani, lakini hauondoki wenyewe, na antibiotiki haiupunguzi.

Kama hauumi, haraka ya nini?

Swali hili ndilo linalotuletea watu wamechelewa. Hauumi, lakini unakula mfupa kutoka ndani. Hauumi, lakini meno yanalegea. Hauumi, lakini mfupa unabaki ganda jembamba, na siku moja unavunjika. Ukisubiri maumivu utasubiri miaka, na sehemu ya taya itakayokatwa inaongezeka.

Meno yamelegea. Niyang'oe kwanza?

Tafadhali usiyang'oe. Shida haiko kwenye jino, iko kwenye mfupa unaolishika. Napokea watu waliong'olewa meno matatu, manne, moja baada ya jingine, bila hata picha moja ya eksirei. Omba picha ya taya zima kabla koleo halijaingia kinywani. Na kuchanja uvimbe kwa wembe kunaongeza usaha tu.

Mtoto wangu ndiye aliyevimba. Tungoje shule zifungwe?

Hapana, mama. Kwa mtoto, uvimbe wa taya unaokua ndani ya siku au wiki chache unaweza kuwa limfoma ya Burkitt. Hiyo ni saratani inayokua kwa kasi sana, na tiba yake ni dawa za saratani, si kisu. Watoto wengi wanaowahiwa hupona. Mlete leo.

Hospitalini nitafanyiwa nini?

Hutibiwi na mtu mmoja. Baada ya picha, kipande kidogo cha uvimbe kinachukuliwa na kusomwa kwa darubini. Daktari wa usingizi hupitisha mpira wa hewa puani, kwa sababu kinywa kinahitajika na mpasuaji. Mpasuaji hukata uvimbe pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa usio na ugonjwa pembeni yake. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi unarudi. Pengo huunganishwa kwa bamba la titani, au kwa mfupa kutoka nyonga au mguu. Msidhani bamba ni la urembo: kidevu ndicho kinachoshikilia ulimi usianguke nyuma na kuziba koo.

Mtaalamu wa meno bandia anapaswa kuwepo tangu mipango ya kwanza. Akiitwa mwishoni, anaweza kukuta mfupa umewekwa mahali ambapo meno ya juu na ya chini hayakutani. Mfupa uliopandikizwa hupewa miezi kadhaa ushike, ndipo yawekwe meno, ya kuvua au ya kufungwa kwa skrubu. Kwa wiki za mwanzo utakula vilaini: maziwa, uji, mtori uliosagwa na kuchujwa. Mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi, kwa kuwa mshipa wa fahamu hupita ndani ya mfupa uliokatwa.

Nikishapona, kliniki ya nini tena?

Uvimbe huu umewahi kurudi kwa watu baada ya zaidi ya miaka 10. Na ukirudi, utarudi kama ulivyokuja: bila maumivu. Njoo upigwe picha tarehe unazopangiwa.

Nianzie wapi?

Kliniki ya meno ya hospitali iliyo karibu nawe. Kutoka hapo utapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Mawenzi hapa Moshi au Mount Meru kule Arusha, au hospitali ya kanda ya KCMC, Moshi. Uje na picha zako zote za zamani, hata iliyokunjwa kabatini miaka mitano. Tukizilinganisha tunaona uvimbe umekwenda kasi gani.