Je, wajua kwa nini salsa ya Kiwolofu husikika kama ya nyumbani Nairobi?

Jumamosi moja nilikuwa Kenyatta Market nikisubiri nyama iive. Kibanda cha jirani kilikuwa kinapiga wimbo wa tarumbeta na piano, na mzee niliyeketi naye meza moja akaapa: "Hicho ni Kilingala, kijana wangu. Hao ni watu wa Kinshasa." Simu yangu ikautambua wimbo. Ulikuwa wa Africando, kundi la salsa lililotoa albamu yake ya kwanza, Trovador, mwaka 1993: waimbaji wa Senegal, wapiga vyombo wa New York, Kiwolofu kikipokezana na Kihispania. Mzee alikataa kuamini mpaka nikamwonyesha kioo cha simu.

Tangu siku hiyo nimeisikiliza Trovador mara nyingi kuliko albamu yoyote, na swali halijaniacha. Mimi sijui Kiwolofu, na Kihispania changu hakifiki maneno kumi. Masikio yetu yanatambua nini humo?

Jibu la kwanza limo kwenye mpigo. Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo ulio sawa, bila kuharakisha, kisha piga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Rudia mara nne au tano. Makofi hayo matano Wakuba huyaita clave, na wimbo mzima hujengwa juu yake, hata pale ambapo hakuna chombo kinachoyapiga waziwazi. Mpigo uo huo umo pia katika ngoma za Ghana na kwingineko Afrika Magharibi. Ulivuka bahari pamoja na watu waliouzwa: Wakongo, Wayoruba na wengine wengi waliopelekwa Kuba, ambako utumwa haukukomeshwa hadi 1886. Walinyang'anywa karibu kila kitu, lakini mikono yao ilikumbuka. Hata jina la mtindo wa mambo, uliovuma duniani katika miaka ya 1940 na 1950, hufuatiliwa hadi kwenye Kikongo, ambacho husema "mambu" kwa maana ileile tunayoijua sisi tunaposalimiana njiani: mambo!

Kisha muziki huo ukarudi kwa meli, safari hii ndani ya santuri. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri zilizobandikwa herufi GV, nyingi zikiwa za Kikuba, kwa ajili ya soko la Afrika. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo wa mchuuzi wa njugu, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazú. (Kila ninapoona kijana wa njugu karanga akipita katikati ya magari ya Thika Road, huukumbuka.) Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, waliziiga santuri hizo, wengine wakiimba Kihispania cha kubuni kwa sababu waliupenda mlio wake. Baadaye wakaingiza Kilingala, na kazi ya piano wakaipa gitaa. Wakauita rumba, ingawa walichokuwa wakiiga kilikuwa zaidi mtindo mwingine wa Kuba uitwao son. Katika miaka ya 1970 wanamuziki kadhaa wa Kongo wakahamia Nairobi: Baba Gaston, Samba Mapangala, na wale wa bendi za Les Mangelepa na Super Mazembe. Kwa hiyo mzee wa Kenyatta Market alikuwa amelelewa na Kuba bila kujua, kupitia Kinshasa.

Dakar, mji mkuu wa Senegal, ilipata santuri na mabaharia wake yenyewe. Pape Seck na Medoune Diallo walikuwa wamekwisha kuimba kwa miaka katika bendi za huko zilizopenda muziki wa Kikuba, kabla ya mtayarishaji Ibrahima Sylla kuwakutanisha na mafundi wa New York. Mpangaji wa muziki alikuwa Boncana Maïga wa Mali, aliyesomea kazi hiyo Havana katika miaka ya 1960. Baadaye Tabu Ley mwenyewe, mwimbaji mashuhuri wa rumba ya Kongo, aliimba na Africando, na hapo mtu angeweza kuapa kuwa anasikia Kinshasa asikosee.

Jibu la pili ndilo ninalolipenda zaidi, nalo limo vinywani mwetu. Kihispania kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kiswahili ni hizohizo tano. Maneno mengi ya Kihispania huishia kwa irabu na kukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema "habari" au "kitabu". Tamka camino, amigo, mañana, na hiyo ñ uifanye "ny" ya nyumba. Huhitaji mwalimu. Ndiyo maana Mnairobi anaweza kuitikia kiitikio cha salsa katika mzunguko wa pili tu, na ulimi wake usijikwae. Naye aliyezoea kuanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Sheng hashtuki lugha inapobadilika katikati ya wimbo.

Ukiitafuta albamu hii, usianze na tafsiri ya maneno. Mara ya kwanza fuata besi, usikie inavyokwepa pigo la kwanza na kukuvuta mbele kabla hujawa tayari. Halafu ngojea wimbo ugeuke. Nyimbo nyingi za salsa zina sehemu mbili, kama rumba tuliyoizoea: mwanzo mwimbaji husimulia taratibu, kisha huja montuno, ambapo waitikiaji hushika mstari mmoja mfupi na mwimbaji kuanza kuwatania. Hapo ndipo Wakongo huingiza sebene, sehemu ya kucheza inayoongozwa na gitaa. Anayengojea gitaa atadhani limesahauliwa, kumbe nafasi yake ameishika mpiga piano, akizungusha vifungu vifupi vilevile.

Nilimweleza mzee hayo huku nyama ikikatwakatwa ubaoni. Hakujibu. Piano ilipoingia, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kubonyeza nyuzi zisizokuwapo, ukingoni mwa meza.