Neno "raise" si la mifugo peke yake

Mwanafunzi anaandika, "My grandmother raised me," yaani bibi ndiye aliyemlea. Daftari linarudi na wino mwekundu: "raised" imekatwa, juu yake "reared". Sababu anayopewa ni ya siku nyingi: ng'ombe na mahindi ndivyo vya "raise", mtoto wa watu ni wa "rear".

Kanuni hiyo haina mzizi. "Rise" ni kuinuka kwenyewe, kama jua linavyochomoza. Kumfanya mwingine ainuke, Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lililozaa "rear" ya leo. Waskandinavia walipohamia Uingereza walikuja na "reisa" yao, nayo ikawa "raise". Basi hayo ni maneno ya ukoo mmoja, na yote mawili ni kauli ya kutendesha. Sisi tunayo hiyohiyo: panda, pandisha, kua, kuza. Mtoto anakua, bibi anamkuza. Hakuna anayeona aibu eti mtu hukuza na mahindi pia.

Marekani wazazi wanatumia "raise" kwa watoto kwa zaidi ya karne mbili. Katika karne ya 19 wapo wajuzi waliolikemea, lakini leo hata Uingereza linasemwa bila wasiwasi. Na ukifungua vitabu vya kilimo vya Kiingereza, kuku na sungura wanafugwa kwa neno gani? "Rear", lilelile alilosahihishiwa mtoto. Sentensi ya bibi ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo.